MFARISHI WA KEMPU: TUSHONE WENYEWE, LAKINI TUCHAGUE KWA AKILI

Mwaka huu nimewaachia wengine mambo ya simu, ya mapenzi shuleni na ya vijana wasiosikia la mkuu. Hayo yameandikwa hadi kalamu zikachoka. Mimi nina neno kuhusu baridi, na kuhusu wenzetu ambao baridi hiyo imewafungia mlango.

Naam, baridi! Sisi wa Nyahururu hatuhitaji kufunzwa baridi ni nini. Mji wetu uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya mwezi wa Julai mtu akiongea utaona mvuke ukimtoka mdomoni kama birika. Wazee wetu hawajasahau yale ya Septemba 2008 huko Busara, wakati mteremko mzima ulipogeuka mweupe na watu wakakimbia kuchota barafu kwa mikono wakidhani ni theluji. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikana ikawa tandiko moja. Basi huku ndiko kwetu, na huku ndiko tunakokwenda kempu.

Sasa sikilizeni. Kila skauti wetu na wenzao wa chama cha wanyamapori wanapopanga safari ya milimani, orodha ya vitu hubandikwa ubaoni. Sufuria, sahani, tochi, soksi jozi mbili, na pale katikati: mfuko wa kulalia, mmoja kwa kila mtu. Hapo ndipo utawaona wengine wakirudi nyuma kimya kimya. Ukimwuliza mtu, atakwambia, "Ah, mimi siendi, nina kazi nyumbani." Kazi gani hiyo inayokuja kila mwaka tarehe ile ile ya kempu? Ukweli ni kwamba mfuko mpya wa kulalia dukani ni maelfu ya shilingi, na nyumbani kuna karo, kuna unga na kuna mdogo wake anayetaka viatu. Nani atathubutu kumwambia mzazi habari ya mfuko wa kulala porini siku mbili?

Kwa hivyo mlima tunaouona kila asubuhi tukija shule, mlima ule ule unaotupa maji na mvua, unakuwa wa wale wenye uwezo pekee. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maoni yangu ni haya. Shule ikubali mifarishi tuliyoshona wenyewe badala ya mfuko wa dukani. Na sisi nasi tuikate na kuijaza kwa akili, tukichagua kila kitu kwa kuuliza swali moja: kikilowa, kitakuwaje?

Kwa wale ambao hawajalisikia neno hili, mfarishi ni nguo mbili zilizoshonwa pamoja na kujazwa kitu laini katikati. Duveti ni dada yake. Neno la Kiswahili tunalo. Hakuna haja ya kuliazima kwa watu.

Najua baadhi ya walimu wetu wana wasiwasi. Mwalimu mmoja aliniambia kwa upole, "Mtoto wangu, nikikupeleka huko juu na blanketi la kujishonea, ukaganda usiku, mimi nitamwambia nini mzazi wako?" Hilo si swali la kupuuzwa. Mwalimu hana ubaya wowote, yeye ndiye atakayeulizwa. Na hapo ndipo suala zima lilipo. Mfarishi mmoja mbovu, wa mwanafunzi mmoja aliyejaza chochote alichopata, utatosha kuwafungia wengine wote mlango kwa miaka mingi. Kumbe uchaguzi wa pamba au faiba ni uchaguzi wa nani atapanda mlima na nani atabaki nyumbani.

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Ukipanda juu, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Tuseme usiku hapa mjini ni nyuzi 8. Kambi ya Old Moses katika Mlima Kenya iko karibu mita 3,300, yaani mita 1,000 juu yetu. Huko utakuta nyuzi 1 na nusu hivi. Kambi ya Shipton iko karibu mita 4,200. Huko hesabu inatuangusha chini ya sufuri, maji ya kwenye chupa yageuke barafu. Hata ukienda hapa karibu kwenye nyanda za juu za Nyandarua, ambako kilele cha Satima kinafika takriban mita 4,000, baridi ni ile ile ya kung'ata masikio, na ukungu na manyunyu ni kila siku. Blanketi la nyumbani lililotosha chini ya paa la mabati halitatosha huko. Mwenye kusema "mimi nimezoea baridi" aulizwe amezoea ya mita ngapi.

La pili ni kufahamu joto linatoka wapi. Wengi wetu tunasema blanketi hili "lina joto". Halina! Lichukue blanketi hilo, ulikunje, uliweke mezani usiku kucha. Asubuhi utalikuta baridi kama meza yenyewe. Joto linatoka mwilini mwako, na kazi ya blanketi ni kulizuia lisikimbie. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi, isiyokwenda huku wala kule. Ndiyo sababu kitu kizito si lazima kiwe cha kuzuia baridi, na kitu chepesi kilichofura huweza kukishinda. Mwalimu wetu wa fizikia ametufunza kwamba maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Basi nyuzi zikijaa maji mahali pa hewa, umefungua dirisha na mlango pamoja. Kumbukeni jambo hili, maana yote nitakayosema hapa chini yanatoka hapo.

Tuanze na pamba, kwa sababu ndiyo ya kwanza kila mtu huitaja. Pamba ni rafiki yetu. Ni laini, haiwashi, na kila mahali ipo. Lakini pamba ina kiu! Ukiiacha tu katika hewa ya kawaida hushika unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, na hapo hata mvua haijanyesha. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Mfarishi wa pamba ukilowa huwa mzito kama gunia la viazi, nyuzi zake hulala chini zikashikana, na kuukausha mlimani kwa siku moja ni ndoto ya mchana. Kwa kitanda cha nyumbani, pamba oyee. Kwa kempu ya Nyandarua, hapana. Na ninapokataa pamba namaanisha pia fulana kuukuu, jinzi zilizokatwakatwa na vitambaa vinavyobaki kwa fundi, ambavyo wengi hufikiria kuvijaza kwa sababu ni vya bure.

Wa pili ni sufi, ile inayotoka katika mti wa msufi. Jamaa zetu wa pwani wameijazia mito na magodoro tangu enzi za mababu. Sufi ni nyepesi ajabu na nyuzi zake zina nta, kwa hivyo haipendi maji. Hata maboya ya kuvaa majini zamani yalijazwa sufi. Mtu atasema, basi si tumepata? Polepole, ndugu yangu. Nyuzi za sufi ni fupi na zinateleza, hukimbilia pembe moja ya mfarishi na kukuacha na nguo tupu kifuani. Tena hushindiliwa upesi, na cheche moja ikiipata, huwaka. Mwacheni msufi abaki rafiki wa mito ya pwani.

Wa tatu ni manyoya ya ndege. Yale manyoya laini ya kifuani mwa bata bukini hayana mpinzani duniani kwa wepesi na kuzuia baridi, na ndiyo yaliyo ndani ya baadhi ya zile jaketi nono za mitumba. Lakini yakilowa hunywea na kuwa kama uji, na kukauka kwake ni kwa taabu. Anayekwenda mahali pakavu ayatumie. Sisi wa manyunyu tutayatamani kwa macho tu. Na kuna mwenzetu mmoja, simtaji, aliyependekeza tukusanye manyoya ya kuku wa Krismasi. Bwana wee! Unyoya wa kuku una mti mgumu katikati. Utatoboa kitambaa, utakuchoma usiku kucha, na wala haufuri. Tuwale kuku, manyoya tuyaache.

Wa nne ni sufu ya kondoo. Hapa nasema kwa heshima, maana kondoo wako kila mahali katika kaunti yetu na kule Molo. Sufu huweza kunywa maji karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikiwa na unyevu bado huzuia baridi. Tena haishiki moto upesi. Kasoro zake ni mbili. Ni nzito, na sisi hubeba mizigo yetu mgongoni, hatuna punda. Pia sufu mbichi ina mafuta na harufu, lazima ioshwe, ikaushwe na kuchambuliwa kwa chanuo, kazi ya siku nyingi. Mwenye bibi anayejua kazi hii, kama wale kina mama wa Nanyuki wanaosokota na kufuma, ashone wa sufu na asimwogope mtu. Mimi naipa sufu nafasi ya pili.

Wa tano ni sponji, la magodoro. Sponji la kawaida lina vitundu vilivyo wazi, hunywa maji kama mlevi. Halikunjiki likaingia mkobani, na halikumbatii mwili. Upepo huingia kila pembeni. Tulitoe katika orodha ya vitu vya kujifunikia.

Wa sita ni mifuko ya plastiki iliyokunjwakunjwa. Najua kuna watu huamini hivyo. Kwanza, mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwetu tangu Agosti 2017, kwa hivyo usije ukatuletea askari kambini. Pili, plastiki inapiga kelele usiku kucha, kempu nzima isilale. Tatu, jasho halipiti.

Sasa nifike kwa mshindi wangu: faiba ya poliesta. Poliesta tunayoijua leo katika nguo ilivumbuliwa mwaka wa 1941 na Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, na leo iko hata ndani ya mito ya makochi ya sebuleni. Hainywi maji. Ukiilowesha, ikamue, ikung'ute, nayo itafura tena na kushika hewa. Ni nyepesi, haiozi, na panya hawaipendi kuliko wanavyopenda vitabu vyangu. Lakini kuna faiba na faiba. Ile ya kujazia mito huwa ya vipande vipande, nayo hukimbia ikajikusanya kama sufi. Tunayoitaka ni ile iliyotandazwa kama shuka nene, na hiyo hatuhitaji kuinunua mpya. Iko ndani ya duveti za mitumba! Nenda sokoni siku ya soko, chambua rundo, utapata duveti ambayo kifuniko chake kimechanika au kimepakwa rangi na mtoto wa mtu huko Ulaya, na kwa sababu hiyo bei yake imeshuka hadi mamia machache. Sisi hatutaki kifuniko. Tunataka tumbo lake.

Hapa nitawaibia siri za mama yangu, ambaye hushona sare za shule kwa cherehani yake na amegusa vitambaa kuliko nilivyogusa vitabu. Nilipomweleza nia yangu, alicheka kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, usimwamini muuzaji, uamini mkono wako." Akanifunza mitihani mitatu.

Mtihani wa kwanza ni wa ngumi. Shika faiba ndani ya ngumi, ibane sana, uhesabu hadi 20, halafu ufungue. Ikiruka na kufura kama ilivyokuwa, ni nzima. Ikibaki imelala kama chapati, imechoka, mwachie muuzaji.

Mtihani wa pili ni wa moto. Chomoa uzi mmoja tu, uushike kwa koleo mbali na nguo nyingine, juu ya sinia la bati, uuwashe. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, ni poliesta au nailoni. Mtihani huu wanaufahamu mafundi wote, na unawaumbua wale wanaouza pamba kwa jina la faiba. Ila ufanyike nyumbani mbele ya mtu mzima, wala si darasani nyuma ya mgongo wa mwalimu.

Mtihani wa tatu ni wa pumzi, nao ni wa kitambaa cha nje. Weka kitambaa mdomoni na upulize. Pumzi ikipita kama kwenye chandarua, upepo wa mlimani nao utapita. Isipopita kabisa, jasho lako halitapata njia ya kutoka. Unataka kile kinachokuruhusu kupuliza kwa shida. Baadaye dondosha tone la maji juu yake. Likikaa kama ushanga, umepata.

Vitambaa kama hivyo tutavipata wapi? Jaketi za upepo za mitumba, zile za nailoni nyembamba ambazo mafundi wengine huziita parachuti, zikifumuliwa hutoa vipande vizuri. Hema lililochanika, lile la ndani lisilopakwa dawa ya kuzuia maji, ni hazina. Hata vitambaa vya miavuli iliyovunjika vinafaa vikifaulu mtihani wa pumzi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuvunjika kwa mwavuli si mwisho wa kitambaa chake. Upande wa ndani, utakaogusa mwili, weka kitambaa cha bitana, kile chepesi cha kutilia ndani ya koti. Ni laini na hukauka upesi.

Kuna wanaosema tufunike mfarishi kwa karatasi ya nailoni ili mvua isiingie. Nawapinga waziwazi. Binadamu hutoa jasho na mvuke hata akiwa amelala. Mvuke huo ukikosa njia, utaganda kwenye karatasi na kurudi ndani ya faiba, na asubuhi utaamka umelowa bila hata tone la mvua kunyesha. Karatasi ya nailoni ina kazi yake muhimu: itandikwe chini, juu ya nyasi, izuie maji ya ardhini. Na mfarishi usafiri ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukishajifunika, uacheni upumue.

Tukisema chini, hapa ndipo wengi hupotea. Faiba iliyolaliwa na mwili hushindiliwa, hewa ikatoka, ikawa haina faida. Ndiyo maana mfarishi huweza kukosa upande wa chini kabisa, ukapunguza kitambaa, uzito na gharama. Lakini ni lazima uwe na kitu kingine kigumu kati yako na ardhi, la sivyo ardhi itakunyonya joto lote. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti ambaye alifia Nyeri mwaka wa 1941 na kuzikwa huko huko, aliwafundisha skauti kufuma mkeka mnene wa nyasi kavu wa kulalia. Sisi tunaweza kutumia maboksi makavu ya katoni tabaka mbili au tatu, au gunia lililojazwa majani makavu ya ngano. Hata wenye mifuko ya dukani wanahitaji kitu hiki, na wengi hawana habari.

Kuhusu ushonaji, nina neno fupi. Urefu uwe kimo chako na sentimita 20 zaidi, upana uwe sentimita 140 hivi ili ukigeuka usijifunue. Usiupige mistari mingi ya cherehani kama godoro, kwa sababu kila mshono unaopita hadi upande wa pili hubana faiba, na pale palipobanwa baridi hupita. Shona pembeni kote, kisha katikati ufunge mafundo ya uzi hapa na pale, kila baada ya sentimita 20 au 25, bila kukaza. Upande wa miguu ushone kama mfuko ili vidole vipate pa kujificha. Kwa kempu ya hapa karibu na mji, tumbo la duveti moja latosha. Kwa mita 3,000 na zaidi, weka matumbo mawili, kwa kuwa unene ukiongezeka mara mbili, kizuizi cha baridi nacho huongezeka mara mbili. Na tafadhali, mbali na moto! Poliesta na nailoni huyeyuka zikashika ngozi. Asiyeweza kuketi mbali na moto na mfarishi wake aukunje kwanza.

Najua pingamizi. Wa kwanza atasema mitumba ni aibu. Aibu gani? Nusu ya masweta tunayovaa Jumamosi yametoka rundo lile lile, na hakuna aliyeanguka kwa kuyavaa. Zifueni duveti kwa maji ya moto na sabuni, zikauke juani, yaishe. Wa pili atasema ni heri tuazime mifuko kwa wenzetu. Kuazima si vibaya, lakini mwenye mfuko naye anataka kwenda kempu ile ile. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huku juu anaweza kufa kwa baridi. Wa tatu atasema shule za bweni zina stoo zilizojaa vifaa, sisi wa kutwa hatuna kitu. Mimi nasema tunacho. Sisi hurudi nyumbani kila jioni, na nyumbani kuna mama, kuna shangazi, kuna fundi wa jirani na cherehani yake. Mwanafunzi wa bweni atashonea wapi? Kwa mara moja, ukutwa wetu umetufaa.

Basi ombi langu kwa walimu wetu walezi ni hili. Kwanza, katika orodha, badala ya "mfuko wa kulalia", kuandikwe "mfuko wa kulalia au mfarishi uliokaguliwa". Pili, ukaguzi uwepo kweli, siku saba kabla ya safari: mtihani wa ngumi, mtihani wa pumzi, na unene upimwe kwa rula. Mfarishi wa pamba ukataliwe hata kama mwenyewe analia, maana huruma ya ubaoni ni ukatili wa mlimani. Tatu, kila mwenye mfarishi mpya alale nao usiku mmoja uani kwao kabla ya kupanda popote. Atakayetetemeka atetemeke karibu na jiko la mamake.

Wale wanaofuata Tuzo ya Rais, mpango ambao umekuwa nchini tangu 1966, wanajua kwamba safari ya nje ni sehemu ya lazima. Tunu hiyo ni ya vijana wote. Isije ikawa kwamba shaba, fedha na dhahabu zinagawanywa kulingana na nani alinunuliwa mfuko.

Usione vyaelea, vimeundwa. Wale wenye mifuko mizuri ya rangi ya machungwa na zipu ndefu, nao mifuko yao ilishonwa na mikono ya mtu fulani aliyejua tofauti ya pamba na poliesta. Mikono tunayo, na tofauti mmeshaijua. Siku ya soko ni Alhamisi na Jumamosi hii nitakuwa kwa mama yangu, cherehani ikiwa imetiwa mafuta. Mwenye duveti na aje.